Jani Lenye Doa Jeupe

Kama wiki iliyopita ulinikosa, sikulaumu. Hata mimi kuna siku natamani nijikose.

Naitwa Cathal Beirne, wa Boyle, mji mdogo wa wafugaji, mbali na Dublin. Shule nilimaliza mwezi wa sita mwaka jana, na tangu siku hiyo kila ninachokigusa kinaharibika. Kiwanda cha nyama nilidumu siku tisa. Baiskeli ya marehemu baba niliiegesha nyuma ya trekta, na trekta likarudi nyuma. Hayo ulishayasoma, ukacheka, basi tusirudie.

Tuko kwenye hili la mama.

Mama yangu, Attracta, ni mjane wa mwaka wa nne. Baba alikufa kwa pombe. Siku tunamzika, mama alisimama kaburini akasema, mbele ya padri na watu wote, "Mlevi haingii tena nyumbani kwangu. Awe mume, awe mtoto, awe ndugu wa mtu." Mimi nikaweka mkono juu ya jeneza nikaapa kwamba sitagusa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilimaanisha.

Sasa miezi saba hii kapata mchumba. Bwana Malachy Tuohy, mfugaji wa upande wa Arigna. Kilichomponza mama ni kibeji. Kile kidogo chenye moyo mwekundu, cha watu walioapa mbele ya altare kwamba pombe hawaigusi mpaka kufa. Malachy anacho kwenye kola ya koti, hakitoki, hata akizalisha ng'ombe anacho.

Mama alisema jibu atatoa Dublin, siku ya Mtakatifu Patrick, sikukuu yetu ya taifa, mezani kwa mdogo wake Dympna, baada ya gwaride. Akisema ndiyo, ndiyo hiyo. Tunahamia kwa Malachy.

Mimi nikajipeleka kwenye safari bila kualikwa. Nilitaka kumchunguza, maana mwanaume msafi kiasi kile lazima kuna mahali anafuta miguu.

Wiki iliyopita nilikuacha kwenye treni. Mkagua tiketi alikuwa amemgusa Malachy bega, akamwambia, "Leo umeleta familia? Jumanne si ulikuwa mwenyewe!"

Na Malachy alishatuambia kwamba Dublin hajakanyaga miaka ishirini. Na Jumanne, kwa jinsi mama ajuavyo, anakuwa mnadani na ng'ombe.

Haya. Tuendelee.

"Kanifananisha," Malachy akasema, mkagua tiketi alipopita.

"Na nani?" nikauliza.

"Na mtu mwingine, kijana. Mimi nina sura ya kawaida."

"Sura ya kawaida! Na sikio ambalo nusu yake ililiwa na farasi?"

Mama akanipiga kiwiko cha mbavu. "Cathal. Leo sikukuu. Mwache mtu apumue."

Mwenyewe alikuwa anakoroga chai. Sukari ameifunga Kwaresima nzima, na leo ndiyo siku pekee ya kufungua kabla ya Pasaka. Alitia pakiti nne. Alikuwa na furaha mpaka unamwonea huruma.

Mimi nikawa namtazama Malachy. Mapajani ana kifurushi cha gazeti lililolowa maji, amekishika kama yai. Kwenye kola, kile kibeji. Na chini ya kibeji, shamroki, yale majani yetu ya matatu-matatu ambayo leo kila mtu anayavaa.

Ndipo nikaliona doa.

Jani la Malachy lilikuwa pana, na katikati lina doa jeupe. Sikiliza. Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua. Shamroki ni kadogo, kijani kitupu. Lenye doa jeupe ni chakula cha ng'ombe. Mtu wa mjini atakosea, mtalii atakosea. Lakini mfugaji aliyezaliwa akitambaa kwenye nyasi zile zile? Bora angevaa kitunguu.

"Hiyo shamroki umeichuma wapi, Bwana Malachy?"

"Nyumbani. Nyuma ya zizi, alfajiri."

"Alfajiri kulikuwa na giza?"

"Ilikuwa na umande," akasema, akageukia dirisha.

Mama hakuliona doa. Mama bila miwani haoni hata pua yake, na miwani haijavaliwa mbele ya Malachy hata siku moja. Iko kwenye mkoba, miezi saba, eti inamzeesha.

Moyoni nikasema, Jumanne umedanganya, jani umedanganya. Tutaona na kibeji.

Mama mdogo Dympna alitupokea kituoni na kofia ya kijani kubwa kama sufuria.

"Wachunga ng'ombe wameshuka!" akapiga kelele, watu wote wakageuka. "Attracta, njoo. Cathal, Mungu wangu, umekuwa mrefu! Umepata kazi?"

"Bado, mama mdogo."

"Sasa urefu wa nini?"

Akamgeukia Malachy, akamzunguka mzima. "Na huyu ndiye yule asiyekunywa? Hebu nimguse. Nasikia wamebaki wawili tu nchi nzima."

Malachy akacheka. Mimi nilihesabu, alicheka kwa kuchelewa kidogo.

Mtaa wa O'Connell, gwaride linakopita, ulikuwa umejaa mpaka juu ya vizuizi. Watoto mabegani, vijana juu ya nguzo, bendi za shule kutoka Marekani miguu wazi kwenye baridi ile. Mama aliminya macho mpaka machozi.

"Kile nini, kile kirefu?"

"Joka, mama. La kitambaa."

"Ah. Nilidhani basi."

"Vaa miwani, Attracta," Dympna akasema.

"Sina," mama akasema, huku mkoba kaubana kwapani.

Hapo Malachy akamwinamia sikioni. "Nakwenda msalani. Foleni itakuwa ndefu, nipe dakika ishirini."

"Nenda tu," mama akasema. Akamnyoosha kola, mapenzi hayo.

Nani anakwenda msalani na kifurushi cha gazeti? Nikamwambia mama nakwenda kununua chipsi. Nikamfuata.

Mtu ambaye hajafika Dublin miaka ishirini angetazama vibao. Angeuliza askari. Malachy alikata kichochoro, akakata kingine, akatokea nyuma ya Mtaa wa Capel kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Bibi mmoja aliyekuwa anafagia mlangoni akainua ufagio.

"Malachy! Leo si Jumanne!"

"Leo ni sikukuu, Concepta!"

Nikajibana nyuma ya pipa la taka.

Akafika kwenye baa moja ya mlango mwekundu, kwa Hanratty. Akasimama. Akatazama kushoto, kulia. Akainua mkono kwenye kola akakichomoa kile kibeji, akakitia mfuko wa ndani.

Akaingia.

Nitasema kweli, maana hapa si nilikuja kuungama? Nilifurahi. Miezi saba naambiwa nina wivu, nina roho mbaya, simtakii mama mema. Nilifurahi furaha chafu.

Ndani watu wamebanana, lakini mwenye baa alimwona Malachy kutoka mbali, na kabla hajaagizwa akaanza kummiminia glasi ya bia nyeusi. Kabla hajaagizwa! Malachy akaipokea, akageuka nayo, povu juu, kola tupu.

Nikainua simu. Picha moja, safi kabisa, hata sikio lile nusu linaonekana.

Simu ya mama ni ya vitufe, haipokei picha. Nikamtumia Dympna. Nikaandika: "Mwonyeshe mama. Baa ya Hanratty, nyuma ya Capel. Haraka."

Ikaenda.

"Wewe mrefu!" Mwenye baa alikuwa ananitazama. "Unakunywa, au umekuja kupiga picha ukuta wangu?"

Watu wakageuka. Nikaona Malachy naye atageuka. "Nipe moja," nikasema haraka. "Kama ya yule bwana."

Akanipa. Nikakaa kwenye kimeza nyuma ya ubao wa kugawa chumba, mahali unaona bila kuonekana. Funda la kwanza nilipiga ili nisitiliwe shaka. Funda la pili nilipiga kwa sababu ya lile la kwanza. La tatu sina maelezo.

"Yule bwana," nikamwambia mwenye baa alipopita na kitambaa, "huwa anakuja?"

"Malachy? Kila Jumanne. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Anakunywa sana?"

Akasimama kufuta. Akanitazama kama nimemuuliza Papa ana wake wangapi.

"Malachy hajawahi kulamba hata povu humu ndani. Ile ni ya kaka yake. Ambrose, yule kwenye kona."

Nikanyoosha shingo.

Kwenye kona kulikuwa na mzee, mikono inatetemeka kama anasaga kitu. Malachy alikuwa amemshikia glasi mdomoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamsogezea sahani ya nyama na kabichi. Gazeti lililolowa limefunguliwa mezani. Na kwenye koti la yule mzee kulikuwa na shamroki. Kadogo. Kijani kitupu, haina doa, mizizi bado ina udongo wa kwetu.

Ya kweli alikuwa amemletea kaka yake. Lile la ng'ombe alijichumia popote, labda kwenye majani ya kituo cha Boyle, ili naye asiwe mtupu.

"Na kibeji?" nikauliza. "Mbona anakivua?"

"Ambrose akikiona anatupa sahani. Anasema mdogo wake kaja kumhukumu. Kwa hiyo anakivua mlangoni, anamnunulia glasi moja, Ambrose anakula. Malachy asipokuja, Ambrose anakunywa kumi na hali kitu. Lakini wewe nani, mbona maswali?"

Hata hapo sikukubali. Nikasema, wenye baa wanalindana na wateja wao. Nikasema, mtu mwema anaficha nini? Halafu nikakumbuka yale maneno ya kaburini. Awe mume, awe mtoto, awe ndugu wa mtu. Boyle nzima inayajua maneno yale. Malachy naye anayajua.

Nikashika simu niifute ile picha. Dympna alikuwa ameshajibu.

"Ameiona. Tunakuja."

"Cathal."

Malachy alikuwa amesimama juu yangu. Hakukasirika, na hilo lilinitia shaka zaidi. Akavuta kiti, akakaa.

"Umenifuata."

"Ulisema unakwenda msalani."

"Nilisema." Akaitazama glasi yangu, nusu imekwisha. "Na wewe mama yako ulimwambia unakwenda wapi?"

"Kununua chipsi."

"Tumekuwa wawili basi."

"Mimi siombi kumwoa mtu," nikasema. "Wewe umemdanganya. Ungemwambia una kaka mlevi."

"Mara tatu nilianza. Mara ya kwanza akanisimulia mazishi ya baba yako. Mara ya pili akanisimulia tena. Ya tatu nikanyamaza mwenyewe, kijana. Nilitaka jibu kwanza. Huo ndio uongo wangu, mwingine wote umetoka humo."

"Na mnada wa Jumanne?"

"Mnada uko Ijumaa. Mtu yeyote wa ng'ombe angejua. Nashangaa wewe hukujua."

Kweli sikujua. Jani nimelijua, mnada sikujua. Ndiyo maana kiwanda cha nyama kilinifukuza.

"Bwana Malachy," nikasema, "kuna kitu nimefanya."

"Nini?"

Sikumaliza. Mlango ulifunguliwa, kwanza ikaingia ile kofia ya kijani, halafu mama.

Mama alikuwa amekimbia. Nywele zimeshuka, koti limefungwa vifungo upande. Akasimama katikati ya wale watu wenye furaha zao, anaminya macho, anatafuta.

"Wako hapa," Dympna akamshika mkono. "Wote wawili."

Akaja. Akasimama mbele ya kimeza chetu. Mimi huku, Malachy kule, glasi katikati, nusu. Bila miwani haoni mbali, lakini pua ya mama yangu haina kasoro. Miaka kumi na sita alilala na harufu ile.

"Hii ya nani?"

Nikatazama kofia ya Dympna.

"Nimeuliza. Ya nani?"

Malachy akanyoosha mkono, akaivuta ile glasi polepole mpaka mbele yake.

"Yangu, Attracta."

Dympna akatikisa kofia. "Ndiye yule asiyekunywa," akasema. "Basi amebaki mmoja tu."

Mimi nikamtazama Malachy. Nilikuwa natafuta ujanja uko wapi. Mtu kama huyu hatoi kitu bure. Nikipewa lawama mimi, yeye amepona. Angeonyesha tu kona ile, angetoa kibeji mfukoni, angesema "muulize mwanao." Alikuwa ananiokoa mimi, niliyemwita mwongo kwenye treni, mimi niliyempiga picha. Nilitafuta sababu yake chafu, nikageuza huku na huku, sikuipata. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Cathal," mama akasema. Taratibu. "Ni kweli?"

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. "Ndiyo." Malachy anarudi Arigna, mama anabaki kwetu, miezi saba ya shaka zangu inakuwa haki. Na hakuna anayejua kwamba mkono niliouweka juu ya jeneza la baba ndio huo huo ulioshika glasi.

Sikulisema. Na lile jingine, kwamba glasi ni yangu, pia sikulisema.

Mama akafungua mkoba.

Akatoa miwani. Mikubwa, myeusi, mkono mmoja umefungwa plasta. Akaivaa, mbele ya Malachy, mbele ya baa nzima, kwa mara ya kwanza.

Malachy akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. Lakini mama hakuwa na habari na kutazamwa. Alikuwa anasoma.

Akasoma kola, pale palipokuwa na kibeji. Akashusha kidole mpaka kwenye jani, akaligusa lile doa jeupe.

"Hili la ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, Attracta."

Akasoma glasi. Akainama akatazama ukingo wake, kisha akatazama mdomo wa Malachy, mkavu kama karatasi. Halafu akanigeukia mimi. Muda mrefu. Sijawahi kusomwa hivyo, hata na mwalimu mkuu siku ya majibu ya mtihani.

"Futa mdomo kwanza, mwanangu," mama akasema. "Halafu ndiyo uniambie ni ya nani."

Na kabla sijaamua kitu, mkono wangu ukapanda wenyewe mpaka kwenye povu.

Dympna alivua kofia. Malachy akafumba macho.

Kisha kwenye kona kiti kikakwaruza sakafu, na sauti ya kizee, yenye furaha kama ya mtoto, ikavuka vichwa vya watu.

"Malachy! Ndiye huyo Attracta wako? Mlete basi nimwone!"

Mama akageuka kule sauti ilikotoka, na safari hii alikuwa anaona, mpaka ile shamroki ya kijani kitupu kwenye koti la mzee.